Sensa Ilikuwa Nzima

Sensa niliyoitoa kwenye gari la Mwalimu ilikuwa nzima. Nililijua hilo mwaka 2021, usiku, nikiwa peke yangu gereji, na nikanyamaza. Kubadilisha kifaa kizima ni kosa ambalo fundi yeyote anaweza kulifanya akiwa na nia njema, na kama ningeishia hapo nisingekuwa na la kuungama. Ninaungama niliyoyasema na niliyoyaficha baadaye, kwa sababu yalimpotezea kijana mmoja gari ambalo lilikuwa limebakiza chini ya mwaka liwe lake.

Gereji yangu iko Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Wengi huijua kata hii kwa uwanja wa ndege na kwa kituo cha kupoza umeme, ambako njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa, kupitia Dodoma na Singida, inakomea. Sisi mafundi tunaijua kwa magari yanayotoka Kahama, Isaka, Kakola na Geita. Ukanda ule wa dhahabu hauhurumii gari. Vumbi lake ni laini kama unga, linapenya hadi ndani ya soketi za umeme, likikutana na oili linaganda. Barabara za kuelekea machimboni zinatikisa gari mpaka nati iliyofungwa vizuri inalegea yenyewe. Fundi wa huku anayesahau barabara, akaangalia injini peke yake, ameshapoteza nusu ya habari kabla hajafungua boneti. Nilikuwa naijua kanuni hiyo, nawafundisha vijana wangu, na siku ilipohitajika sikuifuata.

Mwalimu ni mama aliyestaafu kufundisha shule ya msingi. Alipopata mafao yake alinunua Toyota Probox akampa kijana kwa mkataba: kila jioni alete hesabu, yaani fedha ya siku waliyokubaliana, na baada ya miaka miwili, akiwa hana deni, gari liwe mali yake. Mikataba ya namna hii imejaa kanda yetu, kwenye pikipiki zaidi, na kwenye magari pia. Dereva wa mkataba halewi kazini wala hachezei gia. Anakula kidogo, anasafisha gari usiku, anazibadilisha plagi kwa fedha yake, maana kila siku inayopita inamsogeza karibu na kadi ya gari yenye jina lake. Kijana huyu alikuwa amevuka mwaka. Alifanya mchomoko, kubeba abiria kwa gari dogo, asubuhi Shinyanga hadi Kahama, kisha Kakola, na abiria wakiwepo anapitiliza mpaka Geita.

Alikuja kwangu jioni, amechoka, uso mzima umepakwa vumbi.

"Kaka fundi, gari linazima. Likikolea joto linakata ghafla, kama mtu kazima swichi. Nakaa pembeni, nasubiri, nikipiga stata linawaka kama hakijatokea kitu."

"Linazimia wapi?"

"Lami halizimi. Nikishatoka Kahama, nikaingia vumbi la Kakola, ndipo linaanza."

Hilo lilikuwa jibu kamili. Kijana alikuwa amelipima gari vizuri kuliko nilivyokuja kulipima mimi, akaniletea tofauti ya barabara mbili. Injini inachemka kiasi kilekile kwenye lami na kwenye vumbi, pengine kwenye lami zaidi kwa sababu ya mwendo. Kilichobadilika Kahama kwenda Kakola, ambako wakati ule kulikuwa hakuna lami, ni mtikisiko. Katika maneno yake nilichukua moja, joto, nikaliacha lile la barabara.

Nikachomeka mashine. Ni kimashine kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu, na nakiri kwamba nilijivunia kuwa nacho, kwa sababu mafundi wachache wa jirani walikuwa nacho. Kikaleta P0335. Namba hiyo inahusu sensa ya krenki, na kwa maelezo ya kijana kuhusu joto, mambo yakaonekana yamelingana. Nikafunga simu nikamwambia, sensa imekufa.

Naomba nieleze sensa hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo kosa langu litaonekana dogo au litaonekana la bahati mbaya. Injini ya Probox ile, ya sentimita za ujazo 1,500, ina gurudumu la chuma kwenye krenki lenye meno 34. Nafasi zake ni 36, kila moja nyuzi 10, ila meno mawili yameachwa makusudi, ili pengo lile likipita kompyuta ya gari ijue pistoni ziko wapi. Mbele ya meno hayo imekaa sensa, ambayo ndani yake ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliosokotwa. Kila jino likipita, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule msokoto. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno 1,700 yanapita kila sekunde, na kila moja linatuma ujumbe wake kwenye waya mpaka kwenye kompyuta. Ujumbe ukikatika, kompyuta haijui tena wakati wa kuchoma plagi wala wa kumwaga mafuta, na injini inakata papo hapo, kama mtu kazima swichi, alivyosema kijana.

Sasa, P0335 haisemi sensa imekufa. Inasema ujumbe haufiki. Ndani ya namba hiyo mna sensa, mna gurudumu la meno, mna nyaya, mna soketi mbili za mwanzo na mwisho, mna hata kompyuta yenyewe. Utaratibu huu wa namba haukubuniwa ili kumwambia fundi akanunue nini. Ulianzia Marekani, California ikitangulia kwa sababu ya moshi wa magari uliokuwa ukiwaharibia watu wake mapafu, na kuanzia magari ya mwaka 1996 ukawa sheria nchi nzima. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Shabaha ilikuwa taa iwake pale injini inapoanza kuchafua hewa. Kazi ya kutafuta chanzo ilibaki kwa binadamu mwenye mita na macho. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilifundishwa, na walionifundisha walinifundisha vizuri.

Kulikuwa na jaribio moja lililonidanganya, na ninalitaja kwa sababu mafundi wengi wanalitumia. Sensa ya krenki ikianza kufa, mara nyingi msokoto wake unaachana ukipata joto na kushikana ukipoa. Kwa hiyo gari likizima kwa joto unaimwagia sensa maji. Likiwaka mara moja, umempata mwizi. Nililiacha gari lingurume hadi likachemka, nikaliendesha kwenye njia ya mashimo nyuma ya gereji, likazima. Nikaingiza mkono chini, nikaishika sensa, nikaimwagia maji ya chupa, nikapiga stata, likawaka. Nilifurahi sana. Sikujiuliza kwa nini lilizima kwenye mashimo, baada ya kunguruma pale pale kwa muda mrefu bila shida. Sikuwaza pia kwamba mkono wangu, ulipokuwa ukitafuta sensa, ulikuwa umesukuma waya.

Nikaagiza sensa iliyotumika kutoka Dar es Salaam, ikaja na basi. Mwalimu alilipa shilingi 60,000 ya kifaa na 25,000 ya ufundi. Alizileta mwenyewe, zimekunjwa ndani ya bahasha, akanishukuru.

Nilipoifunga nililijaribu gari kwenye lami, kutoka Ibadakuli kwenda upande wa Tinde na kurudi. Halikuzima. Bila shaka halikuzima. Kijana alikuwa ameniambia lami halizimi.

Alirudi kabla wiki haijaisha. Linazima vilevile, mahali palepale. Safari hii alikuwa na wasiwasi mwingine: kila likizima abiria wanashuka, wanadai nauli, wanapanda gari la nyuma yao, na jioni hesabu haitimii. Mwalimu alikuwa ameanza kumuuliza maswali. Aliniomba nimpigie simu mama yule nimweleze kwamba gari bado ni bovu.

Nilimpigia. Na hapa ndipo ninapoona haya hata sasa.

Mwalimu aliniuliza, "Fundi, mwanangu, niambie ukweli. Gari limepona au halijapona?"

Kama ningesema halijapona, ningekuwa nasema kwamba shilingi 85,000 zake nimezitupa. Nilikuwa na njia nyepesi ya kusema kweli, nayo ni kusema, Mwalimu, nilikosea, lileteni nilitazame upya bila malipo. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Badala yake nikasema, "Mwalimu, gari ni zima. Nimelijaribu mwenyewe. Labda umwangalie dereva."

Sikuongeza kitu. Sikusema kwamba kijana ni mwizi. Lakini katika kazi hii kila mtu anajua maana ya kumwangalia dereva. Wapo madereva wanaosema gari liliharibika na kumbe walilaza hesabu mfukoni, na mwenye gari anayesikia fundi wake akisema gari ni zima hahitaji kuelezwa zaidi. Mwalimu alikuwa mtu wa haki, amefundisha watoto wa watu maisha yake yote. Hakuamua kwa hasira. Aliamua kwa ushahidi, na ushahidi ulikuwa neno langu. Alimwita kijana, akamwonyesha daftari la hesabu na siku zilizopungua, akachukua ufunguo. Mkataba ulikuwa unasema hesabu zikilala mara kadhaa gari linarudi kwa mwenyewe, na yaliyokwishalipwa hayarudi. Zaidi ya mwaka wa kazi ukaishia hapo.

Nilisikia habari hiyo kutoka kwa kinyozi jirani yangu. Alisema kijana alilia mbele ya watu stendi.

Usiku ule sikuondoka gereji. Sensa ya zamani nilikuwa nimeitupa kwenye kopo la nati. Nikaitoa, nikaifuta kwa petroli, nikaigusisha mita. Ikiwa baridi ilisoma kama omu 1,100. Nikachemsha maji kwenye sufuria ya chai, nikaitumbukiza, nikasubiri ishike joto, nikapima tena. Ilikuwa imepanda taratibu hadi kama omu 1,350, na haikuruka wala kukatika. Shaba ndivyo ilivyo, ikipata moto ukinzani wake unaongezeka kwa kiasi kinachojulikana. Sensa iliyoachana ndani ingesoma kitu kisichopimika. Nikaitikisa, nikaigonga na mpini wa bisibisi, nikairudisha majini. Nzima kabisa. Jaribio hilo halikunichukua hata muda wa kunywa chai, na ningeweza kulifanya kabla ya kumwambia Mwalimu alete fedha.

Nilikaa na ile sensa mkononi nikijua mambo mawili: kwamba ugonjwa wa gari bado uko kwenye gari, na kwamba kijana alisema kweli. Namba ya simu ya Mwalimu ilikuwa kwenye simu yangu. Sikupiga. Nilijiambia nitapiga kesho asubuhi, kisha nikajiambia ngoja kwanza nijue ugonjwa wenyewe ili niwe na la kusema.

Mwalimu alimpa gari dereva mwingine, mtu mzima mwenye jina zuri stendi. Haikuchukua muda naye akazimikiwa na gari njia ya Kakola, usiku, na abiria ndani. Huyu akaaminiwa. Gari likaletwa kwangu kwa kuvutwa.

Safari hii nilifanya nilivyotakiwa kufanya mwanzo. Nililiwasha, likanguruma, nikapitisha mkono kwenye nyaya nikizitikisa moja moja kuanzia kwenye kompyuta kushuka chini. Nilipofika karibu na alteneta injini ikakata. Nikaleta tochi. Waya wa sensa ya krenki ulikuwa umelalia ukingo wa breketi ya alteneta. Ganda lake lilikuwa limesuguliwa mpaka shaba inaonekana, doa dogo linalong'aa. Gari likitikisika shaba inagusa chuma cha injini, ujumbe wa meno unakwenda kwenye bodi badala ya kwenye kompyuta, na injini inazima. Likipoa, ganda linakakamaa, waya unajivuta pembeni kidogo, na mambo yanakuwa sawa. Ndiyo maana joto nalo lilikuwa na sehemu yake.

Kisha nikaona jambo la tatu. Waya huo unatakiwa ushikwe na kishikizo cha plastiki mbali na breketi. Kishikizo hakikuwepo. Nikakumbuka kilipokwenda. Miezi kadhaa kabla ya yote haya, gari lililetwa kwangu kubadilishwa beringi za alteneta, na nilipokuwa nikiifungua kishikizo kilikatika mikononi mwangu. Kilikuwa kimezeeka, plastiki ya huku inakauka kwa joto. Nilikiona kikidondoka. Nikauacha waya ukae wenyewe, nikasema nitautafutia kamba ya kufungia, na gari likaondoka bila kamba. Kipande cha kamba ya plastiki hakifiki hata shilingi mia tano.

Basi chanzo cha yote kilikuwa mkono wangu. Niliufunga waya kwa utepe wa umeme, nikauvalisha mpira, nikaufunga kwa kamba mahali panapostahili. Mwalimu alipokuja aliniuliza ilikuwa nini. Nikamwambia panya wamekata waya.

Alikubali. Panya wanakata nyaya za magari kweli, kila mtu hapa ameliona hilo. Aliuliza kama namdai chochote. Nikasema hapana, Mwalimu, hii ni bure, naye akanibariki. Kisha akauliza, na sauti yake ikashuka, "Kwa hiyo yule kijana wa kwanza... panya walikuwa wameshaanza?"

Nikasema, "Hao panya ni wa juzi juzi tu, Mwalimu."

Sina namna ya kuupunguza uzito wa jibu hilo. Mama yule alikuwa ameshika mlango, ameufungua mwenyewe, anataka kujua kama alimdhulumu mtu. Nikaufunga. Lile la kwanza kwenye simu ningeweza kusema lilinitoka kwa aibu ya ghafla. Hili nililisema nikijua kila kitu, mita imeshasoma, waya nimeushika, kishikizo nimekikumbuka.

Ile sensa ya zamani niliiuza. Alikuja mtu mwenye Toyota IST ambayo sensa yake ilikuwa imekufa kweli, nikaipima ya kwake mbele yake, ikawa haisomi kitu. Nikamfungia ile ya Mwalimu, gari lake likawaka, akalipa. Fedha hiyo ilikuwa ya Mwalimu. Niliitumia kununulia mita nzuri zaidi.

Baada ya hapo nikawa fundi makini. Hakuna sensa iliyonunuliwa kwangu kabla haijapimwa baridi na moto, kabla nyaya zake hazijapimwa toka mwanzo hadi mwisho, kabla soketi hazijafunguliwa na kusafishwa. Wateja wakaongezeka. Vijana wanaojifunza kwangu nawaambia wamsikilize dereva kwanza, wamuulize barabara gani, mzigo gani, saa ngapi, kabla hawajachomeka mashine. Mmoja wao aliwahi kuniuliza nilijifunzia wapi hayo. Nikamsimulia habari ya fundi mwingine, wa mji mwingine, aliyewahi kukosea. Niliisimulia vizuri, nikiwa na huruma kwa yule dereva wa hadithi. Nilipomaliza nilitoka nje nikatapika.

Sijui ningekaa hivyo mpaka lini. Agosti 2025 mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, huku kwetu Shinyanga, ulititia na kuwafukia watu zaidi ya 20. Mji mzima ulikuwa ukizungumza hilo tu. Watu walikumbushana Nyangalata, Kahama, ambako mwaka 2015 wachimbaji walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, ili kutiana moyo. Kinyozi wangu akasema, akiwa hana habari ya chochote, kwamba yule kijana wa Probox alipoachishwa gari alikwenda machimboni, hajui ni machimbo gani. Niliacha kazi, nikaenda kusimama na watu waliokuwa wakisubiri majina. Nilisimama pale kama ndugu yake, na watu wakanipa pole kama ndugu yake. Jina lake halikuwemo. Kwa waliofiwa ile ilikuwa siku ya msiba, na mimi nilikuwa natetemeka kwa ahueni katikati yao. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nilikwenda kwa Mwalimu kwanza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniletea kiti. Nilimweleza tangu kishikizo hadi panya, hadi ile sensa niliyoiuza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliingia ndani akatoka na lile daftari, bado analo, akafungua ukurasa wa kijana. Mwandiko wake wa ubaoni, ulionyooka, na pembeni mwa siku zilizopungua ameandika "hajaeleweka". Alisoma kwa sauti tarehe moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeleta shilingi 85,000 na zile za sensa niliyouza, nikaziweka mezani. Alizisogeza kwangu.

"Hizi zangu utanipa mwisho," alisema. "Mimi nimemwita mtoto wa mwenzangu mwongo, mbele ya mama yake. Tutakwenda wote."

Gari halikuwa la Mwalimu tena. Yule dereva wa pili alikuwa amemaliza mkataba wake kihalali na kadi imeshabadilishwa jina. Hakuna wa kunyang'anywa. Nililitarajia hilo, na bado liliniuma, maana nilikuwa nimeota kwamba nitaungama na Probox itarudi kwa kijana.

Kijana tulimpata Nyarugusu, wilaya ya Geita. Tulipita njia ileile ya Kahama na Kakola, sehemu kubwa ilikuwa bado vumbi na mtikisiko, Mwalimu amekaa mbele ameshikilia mkoba wake, na kila gari liliporuka shimo nilijua waya ulikuwa unafanya nini siku zile. Anafanya kazi kwenye karasha, anaponda mawe. Ana watoto wawili sasa. Alitutambua kabla hatujashuka.

Mwalimu alitangulia kuomba radhi, nami nikafuata. Nilimweleza ya kiufundi kwa sababu nilijua yeye atayaelewa: breketi, kishikizo, shaba iliyogusa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye lami na vumbi aliinua uso akasema, "Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia, kaka. Nilikwambia na ukaniandikia kwenye karatasi kwamba sensa."

Karatasi hiyo niliisahau. Nilikuwa nimemwandikia kweli, ampelekee Mwalimu.

Tumekubaliana nimlipe kila mwezi. Mwalimu alipiga hesabu ya alichokuwa amekwishalipa kwenye mkataba, akaigawa: sehemu anaibeba yeye kutoka kwenye pensheni yake, sehemu kubwa naibeba mimi. Nilimwambia Mwalimu kwamba yeye hakukosa. Alinijibu kwamba aliyeshika ufunguo alikuwa yeye, na kwamba nisimfundishe kazi yake. Malipo ya kwanza yameshakwenda. Kijana anapokea fedha na kunijibu kwa ujumbe mfupi, "imefika", bila neno jingine, na ni haki yake. Nilimwambia pia nafasi ipo gereji, ajifunze ufundi, kwa sababu mtu aliyeweza kutofautisha lami na vumbi kwa namna ile ana sikio ambalo mimi nililitafuta kwa mita. Hakujibu hilo.

Aliomba kitu kimoja, na alikiomba kabla ya fedha. Alisema wakwe zake, watu wa stendi, na mama yake mwenyewe kwa kiasi fulani, bado wanaamini alikula hesabu. Fedha hazitawaambia vinginevyo, watasema nimemhurumia. Alitaka niyaandike, kwa mkono wangu, kitu kitakachosomwa na watu wasiomjua, kisha yeye ndiye achague wa kumwonyesha. Kwa hiyo nimeandika, na nakala ya kwanza imekwenda Nyarugusu. Kwa watu wa stendi ya Shinyanga, kwa wakwe, na kwa mama yake: hakula hesabu hata siku moja. Gari lilikuwa linazima kweli, njia ya Kakola, kama alivyosema, na lilikuwa linazima kwa sababu ya kazi niliyoifanya mimi.